Rangi ya Kopo na Rangi ya Skrini

Vijana wanaoniona asubuhi juu ya ngazi na brashi mkononi, kisha jioni wakanikuta barazani nimeinamia tableti, huniuliza swali lile lile: ipi hasa ndiyo sanaa, hii au ile? Mimi naona swali lenyewe ndilo lililopinda. Mkono ni ule ule na jicho ni lile lile. Kilichobadilika nilipoingia kwenye skrini ni wakati wa kuamua, na nani mwenye neno la mwisho. Mambo hayo mawili yamenisumbua kuliko vitufe vyote vya programu.

Nimelelewa na rangi ya kopo. Mjomba wangu alikuwa mwandishi wa mabango, na hapa Mombasa, kutoka Majengo hadi Mwembe Tayari, hukukosa mlango uliopita mkononi mwake: vinyozi, maduka ya dawa, vibanda vya mahamri, mikokoteni ya maji. Matatu nazo zilimlisha, mpaka masharti mapya ya uchukuzi yalipoanza kutekelezwa Februari 2004 na kila matatu ikatakiwa iwe na mstari wa manjano ubavuni. Mjomba akageuka fundi wa mistari. Alichora manjano mpaka akaichukia rangi yenyewe.

Kwake nilijifunza kwamba kazi ya rangi huanza kabla kopo halijafunguliwa. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunywa unyevu na kuutoa. Ukiziziba kwa rangi ya mafuta, unyevu hukwama ndani, chumvi ikasukuma kutoka nyuma, na masika yakipita rangi yabambuka kwa vipande vikubwa kama viganja. Mjomba alipitisha mkono ukutani polepole, kisha akaonja ncha ya kidole. Akihisi chumvi, hakuna kazi siku hiyo, hata mwenye duka alalamike vipi. Kazi za nje tulizifanya zaidi wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu. Mvua za masika zikianza tulihamia ndani, kwenye mbao na mabati.

Ukuta ukikubali, alipiga uzi wa chaki kupata mistari miwili, akapima maneno kwa shubiri, akaweka alama ndogo ya penseli mwanzo na mwisho wa kila neno. Basi. Herufi hazikuchorwa kwanza. Mkono ulilala juu ya fimbo yenye tambara nchani, brashi ikajazwa rangi iliyolegezwa kwa tinna kidogo, na herufi S ikatoka kwa mikupuo mitatu: uti wa katikati kwanza, halafu kichwa, halafu tumbo. Ukianza na kichwa, tumbo litakosa pa kukaa. Nikiwahi kuchovya brashi kabla ya kupima, sauti yake ilinifikia kutoka upande wa pili wa barabara: "Hesabu kwanza, mjomba! Kopo hilo hatukupewa bure."

Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu, mafundi wa rangi tulipata riziki. Lakini maandishi kadhaa ya mjomba yalizikwa chini ya nyeupe ile, na mengine niliyazika mimi mwenyewe kwa rola, kwa malipo ya siku. Kufikia hapo kazi ya majina ya maduka ilishahamia kwenye mashine. Bango la plastiki huchapwa mtu akisubiri, na stika ya nyuma ya tuktuk hukatwa kwa kompyuta herufi zote zikitoka sawasawa, nzuri na zisizo na mwenyewe. Nikaona kama kazi imekwenda kule, basi na mimi niifuate.

Tableti yangu ya kwanza niliinunua mkononi mwa mtu, na haikuwa na skrini. Ilikuwa bamba jeusi unalochorea mezani huku macho yakitazama kompyuta. Mtu aliyezoea kuona ncha ya brashi yake hupotea kabisa hapo: mkono uko huku, mstari unatokea kule. Bamba nalo linateleza kama sahani iliyooshwa. Nikabandika karatasi ya kawaida juu yake ili kalamu ipate mkwaruzo kidogo, na hilo lilisaidia, ingawa karatasi hula ncha za kalamu upesi. Programu nilichukua Krita kwa sababu ni ya bure. Procreate, programu nyingine ya kuchorea, ilitaka iPad, na iPad ilitaka pesa. Kompyuta yangu kuukuu iliibeba Krita kwa kuhema.

Aliyenishangaza ni dada yangu. Yeye hupaka hina maharusi na hajawahi kushika brashi ya ukutani. Alichukua kalamu ile siku moja kwa mzaha akazungusha ua na majani yake marefu bila kuinua mkono, mstari ukianza mwembamba, ukinenepa, ukiisha kama uzi. Mimi nilikuwa bado nahangaika na mduara. Nilipomtazama nikaelewa. Mtu anayepaka hina hushika koni yake hewani, na macho yake hutangulia mbele ya mkono, kule mstari unakokwenda. Mimi nilifundishwa kuegemea fimbo na kuitazama ncha. Kwa hiyo wanaosema brashi ndiyo shule pekee ya tableti, mimi siko nao.

Jambo lililonikosesha usingizi ni rangi. Mtoto yeyote aliyewahi kugusa kopo anajua buluu na manjano huzaa kijani. Nilipaka manjano safi kwenye skrini, nikaleta buluu safi juu yake kwa nusu ya nguvu, nikingoja kijani. Ikatoka kijivu, kijivu cha simenti. Nikajaribu tena nikidhani nimebonyeza vibaya. Kijivu.

Sababu yake ukiijua ni nyepesi. Rangi ya kopo hufanya kazi kwa kumeza mwanga: manjano humeza buluu ya jua, buluu humeza nyekundu, na kinachoponea katikati ni kijani. Skrini haimezi kitu, inatoa mwanga, nayo ina taa tatu tu, nyekundu, kijani na buluu. Manjano yake ni taa nyekundu na ya kijani zimewaka pamoja, buluu imezimwa. Ukichukua nusu ya hiyo na nusu ya buluu, taa zote tatu zinakuwa nusu nusu, na taa tatu zikilingana huwezi kupata ila kijivu. Lakini nyekundu na kijani, ambazo kwenye kopo hukupa tope la kahawia, taa zake zikiwaka zote mbili kwa nguvu zote skrini inakutolea manjano ya ndimu iliyoiva. Mjomba nilimwonyesha hili. Alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena, akasema hiyo si rangi bali ni taa, na taa akanunue mwenye stima.

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Siku hizi zipo programu zinazochanganya rangi kwa tabia za kopo, kwa kutumia hesabu ambazo wanasayansi Kubelka na Munk walizitoa tangu mwaka 1931 kueleza jinsi rangi inavyomeza na kutawanya mwanga. Rebelle ni moja yao. Ukizitumia, buluu na manjano vinazaa kijani kama kawaida. Mimi nimeshazoea kuchagua kijani changu moja kwa moja na kuacha kuchanganya skrini, lakini anayetoka kwenye brashi na anataka mpito laini, zitampunguzia maudhi.

Mwanga huo ukirudi duniani kuwa wino ndipo ugomvi na wateja unapoanza. Mashine ya kuchapa haina wino wa buluu. Ina sayani, majenta, manjano na nyeusi, na buluu inaipata kwa kuchanganya sayani na majenta. Buluu ile kali ya simu, ile inayong'aa kama bahari ya Nyali saa sita, haimo kabisa katika uwezo wa wino, na mashine ikijitahidi kuifikia hutoa zambarau. Nimemwona mwenye duka la samaki amesimama barabarani, simu mkono mmoja ikiwa imewashwa mwanga wote, mkono wa pili ameshika pembe ya bango, akiuliza wapita njia kama bahari iliwahi kuwa na rangi ya biringanya. Mchapaji alisema kosa ni la faili, mwenye faili akasema ni la mashine. Dawa ni kuishusha majenta, iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 hivi, na kabla ya bango zima kuchapa kipande cha kiganja kwenye plastiki ile ile. Kipande hicho mteja akitazame nje, juani, kwa sababu ndiko bango litakakoishi.

Sasa niseme hili la uamuzi, kwa maana ndilo lililonifanya niandike.

Ukuta una heshima yake. Zamani mteja aliketi juu ya kreti ya soda, kahawa mkononi, akitutazama tangu neno la kwanza. Kama alitaka kubadilisha kitu, alisema kabla brashi haijagusa ukuta, kwa sababu aliona kwa macho yake kwamba ikigusa imegusa. Tulipofika mstari wa pili alikuwa ameshaanza kujisifu kwa jirani. Sikuwahi kusikia mtu akimwambia mjomba, "Isogeze hiyo herufi kidogo kushoto."

Kwenye tableti kila mtu anasema hivyo. Nilimchorea bango mwenye kibanda cha juisi ya miwa na maembe, nikampelekea picha kwa simu. Usiku ujumbe wa sauti ukaanza kumiminika. "Ami, huo muwa uinamishe kidogo." "Ami, hili embe la duara silo, mimi nasaga ngowe." Hilo la ngowe nililikubali, maana alikuwa na haki, embe lile ni refu na lina mdomo. Kisha manjano yaongezwe, kisha manjano yamezidi, kisha mke wake kaona, kisha shemeji yake wa Bamburi, ambaye ana jicho la mambo haya, naye ana maoni. Mwisho wa wiki akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Simlaumu. Mteja huyo huyo angeketi kwenye kreti angekuwa mpole. Anajua kwamba kwangu kubadilisha ni kubonyeza, kwa hivyo anadhani kubadilisha hakuna gharama, na mtu akidhani kitu hakina gharama hatajizuia. Kitufe cha kutendua, kile kinachofuta ulichofanya punde na kukurudisha nyuma, nilikinunua nikidhani kitanifanyia kazi mimi. Kikaishia kumfanyia kazi yeye.

Na mimi pia kilinigusa. Ukutani niliamua mara moja kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Mbele ya skrini nilijikuta nina nyusi za aina nne kwa uso mmoja, kila moja kwenye tabaka lake, yaani kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, nazifungua na kuzifunga kama mtu anayechagua viatu, nisichague. Tabaka ni neema kubwa, sikatai. Lakini sasa nimejiwekea utaratibu wa fundi wa ukuta: mchoro wa mistari kwenye tabaka moja, nikishauridhia rangi zote nazipaka kwenye tabaka moja chini yake, na maandishi peke yake ndiyo yanayobaki mbali, kwa sababu namba za simu za wenye maduka hubadilika. Mteja namwonyesha kwanza mchoro wa nyeusi na nyeupe. Hapo atoe ya moyoni yote. Akiuridhia ndipo anaona rangi, na mabadiliko ya rangi ni ya awamu moja. Ya pili ina malipo yake. Nilipoanza kusema bei ya mabadiliko mapema, ujumbe wa usiku ulipungua kwa namna ya ajabu.

Wapo wazee wa sanaa wanaoniambia tableti ni mchezo wa watoto. Huwa nawataja watu wawili. David Hockney, Mwingereza mwenye jina kubwa kwa rangi za turubai, alianza kuchora kwenye simu na kisha iPad akiwa na miaka sabini na kitu. Na karibu na kwetu, Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 hakutumia vifaa vya wasanii. Alitumia ubao wa dari na rangi ya kung'aa iliyokuwa ikipakwa baiskeli, na ule mtindo wake wa rangi bapa zenye mipaka mikali ulikwenda sawa kabisa na rangi hiyo, ambayo haipendi kulainishwa. Leo michoro ya namna hiyo inauzwa kwa watalii mpaka kwenye lango la ngome yetu ya Fort Jesus, na hakuna anayeuliza kama rangi ya baiskeli ni sanaa.

Nikitaja Fort Jesus, ndani yake ipo michoro ya meli na watu ambayo Wareno waliiacha ukutani kabla ngome haijachukuliwa na Waomani mwaka 1698. Ni makaa na udongo mwekundu, hakuna zaidi. Nami faili zangu za miaka michache iliyopita baadhi hazifunguki. Nembo niliyoituma kwa WhatsApp hurudi kwangu kwa mteja mwingine ikiwa imekondeshwa, kwa sababu picha ikipitia huko kama picha hubanwa. Picha yenye upana wa pikseli 1080, yaani vidoa 1080 vya rangi, ukiitandaza kwenye bango la mita tatu, kila inchi inapata pikseli tisa hivi, na tabasamu la mtu linageuka ngazi. Natuma kama dokyumenti sasa, na nakala moja ya kila kazi inakaa kwenye diski inayolala kabatini, mbali na unyevu.

Kazi ninayoipenda zaidi siku hizi ni ile inayotumia vyote viwili. Nachora kwenye tableti, mteja anaridhia, halafu baada ya sala ya isha, barabara ikishapoa, namulika mchoro ukutani kwa projekta na kuufuata kwa chaki. Asubuhi narudi na brashi. Projekta lazima itazame ukuta uso kwa uso, la sivyo herufi hulala. Hata ikitazama vizuri, Mji wa Kale hauna ukuta ulionyooka. Mstari wa mashine umenyooka kweli, lakini ukikaa juu ya mlango ulioinama tangu enzi za babu zetu, unaonekana wenyewe ndio umepinda. Hapo nafuta chaki na kuunyoosha kwa jicho, yaani kuupinda kidogo ufuatane na mlango. Kompyuta haikunipa hilo, nililipata kwa mjomba.

Limebaki la faili, ambalo kwenye ukuta halikuwepo. Mwenye duka akimaliza kulipa bango hunyoosha mkono: "Na ile faili yenyewe?" Wengi wetu hutoa bila kufikiri, kisha tunaona mchoro wetu kwenye fulana, kwenye mifuko, kwenye tawi la pili la duka. Tukilalamika tunajikuta hatuna la kusema. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wenyewe mmekubaliana vingine. Kwa hivyo makubaliano yawepo, na yawepo kabla ya malipo ya kwanza. Mimi naandika kwenye risiti mistari mitatu: mchoro huu ni wa bango moja, matumizi mengine kwa mazungumzo, faili yenye tabaka haimo kwenye bei hii. Mteja anatia sahihi, nami natia.

Mama mmoja mwenye mkahawa alisoma karatasi hiyo mara mbili, akaniuliza kama mjomba wangu naye alikuwa akiwasainisha watu. Nikamwambia mjomba hakuwa na haja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuubeba ukuta akaenda nao. Akacheka, akatia sahihi, kisha akachukua kalamu akaongeza mstari wa nne kwa mkono wake: fundi akila hapa, alipe kama watu wengine.